Barua Nyeusi za Karani Mkuu

Sikumpenda Karani Mkuu, na naandika hivyo mwanzoni ili msomaji asihangaike kutafuta nimesimama upande gani. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi katika ofisi ya kiwanda kimoja cha majani chai upande wa Roret, nikiwa karani wa kumbukumbu. Cheo kilichoandikwa mlangoni pake kilikuwa kirefu na cha Kiingereza. Karani Mkuu ni jina tulilompa sisi wafanyakazi, na alipolisikia hakulikataa.

Kitu cha kwanza ninachokumbuka ni meza yake. Ilikuwa safi kiasi cha kuudhi. Juu yake palikuwa na kalamu, muhuri, kidau cha wino wa zambarau, na kikombe kilichofunikwa kwa kitambaa alichofuma mkewe. Wageni kutoka makao makuu waliisifu meza ile, na yeye alitabasamu kama mtu aliyesifiwa watoto. Hakuna mgeni aliyewahi kuzunguka upande wa pili akatazama kioo cha kompyuta. Humo, katika kikasha cha barua pepe cha ofisi, mlikuwa na maelfu ya barua ambazo hazijafunguliwa, zimepangana kwa herufi nyeusi nzito kutoka juu hadi chini, mpaka kidole kinachoka kuziteremsha. Mlikuwa na za wanunuzi, za wakaguzi, za mafundi wa boila, za vituo vya kupimia majani vikiuliza lori limekwama wapi. Mlikuwa pia na barua iliyohusu mapafu ya Mama Moraa.

Mama Moraa alikuja na mumewe kutoka milima ya Kisii wakiwa vijana, wakapata kazi, wakabaki. Yeye aliwekwa katika chumba cha kuchekechea, mahali chai iliyokaushwa inapotenganishwa, ya punje kubwa huku na ya vumbi kule. Aliyewahi kuingia chumba kile anajua: hewa yenyewe ina rangi ya kahawia, na ukipenga kamasi jioni unatoa chai. Wengi wanastahimili. Yeye alianza kukohoa, kwanza asubuhi, halafu mchana kutwa, halafu akawa anasimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima. Alichohitaji ni kuhamishiwa nje, kwenye kitalu cha miche, kabla kifua hakijaharibika moja kwa moja. Hakuomba kingine.

Hapa sharti niseme jambo linalomfaa Karani Mkuu, maana nikilificha picha itakuwa ya uongo. Siku Mama Moraa alipoanguka kwenye ngazi za kiwanda akipigania pumzi, mtu wa kwanza kukimbia alikuwa yeye. Alimbeba na kumweka ndani ya pikapu yake, akaendesha mwenyewe hadi hospitali ya misheni, akakaa kwenye benchi mpaka daktari alipomaliza. Alimnunulia uji. Akamwandikia daktari anwani ya barua pepe ya ofisi kwa mkono wake, kwa mwandiko wake mzuri, kwa sababu ofisi ilikuwa na kanuni: barua ya daktari haipokelewi kutoka mkononi mwa mgonjwa, isije ikawa ya kughushi. Lazima itumwe na hospitali yenyewe, moja kwa moja. Kanuni hiyo aliitunga yeye.

Hospitali ilituma. Mama Moraa alikuja dirishani pa ofisi yetu, akajishika ukingo, akauliza.

"Haijafika, mama," alimwambia kwa upole. "Hawa watu wa hospitali wana kazi nyingi. Tuvumilie."

Alikuja tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Alirudi hospitalini kuuliza, wakamwambia ilishatumwa. Karani Mkuu akamshauri awaombe watume tena, labda ya kwanza ilipotelea njiani. Wakatuma tena. Bado alimwambia haijafika, na kila mara alimwita mama, na kila mara alimwuliza habari za watoto. Mvua ndefu zilianza. Huo ndio msimu majani yanapofurika na mashine hazizimwi, na vumbi la chumba cha kuchekechea halipati nafasi ya kutua.

Alikuwa na imani yake kuhusu barua pepe, na aliifundisha kila karani mpya. Akinyoosha kidole kwenye kioo alisema, "Hiyo unayoona si barua, ni mwanga. Barua inashikwa." Kwa hiyo barua haikuwa barua mpaka ichapishwe kwenye karatasi, igongwe muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, na itiwe ndani ya faili. Tarehe ya muhuri ndiyo ilikuwa tarehe ya kufika. Na nani aliamua ipi ichapishwe? Yeye peke yake alikuwa na neno la siri la kikasha.

Msomaji atadhani alikuwa mvivu. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alifika kazini kabla ya bawabu kumaliza chai yake. Kulikuwa na aina mbili za barua alizojibu siku hiyohiyo: tangazo la msiba, na salamu za sikukuu kutoka kwa wakubwa. Za msiba alijibu kwa watu wote walioandikiwa, hata wale wasiomjua marehemu, na majibu yake yalikuwa marefu na mazuri. Nimeona mameneja wakiyatunza. Lakini fundi wa boila akiuliza kama spea zimeagizwa, barua yake ilikaa nyeusi mpaka fundi alipopanda ngazi mwenyewe, akavua kofia, akasimama mbele ya meza ile safi. Nadhani hicho ndicho alichokitaka: watu wapande ngazi.

Shambani kwake alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na chai kwenye mteremko karibu na barabara ya Litein, na ninakiri sijawahi kuona shamba lililotunzwa hivyo. Juu ya michai palikuwa sawa kama kitanda kilichotandikwa. Wachumaji walipita kwa ratiba isiyovunjwa na mvua wala mazishi, na alfajiri alikuwa nao, suruali imeingizwa ndani ya buti, akikagua vikapu. Niliwahi kumsikia akimkaripia mama mmoja aliyeruka mstari. Alichomoa jani lililokomaa, akalikunja likakatika kwa sauti, akamwonyesha.

"Ukiliacha wiki moja zaidi, hili si chai tena," akamwambia. "Hili ni kuni."

Alijua, basi. Hakuna aliyejua kuliko yeye kinachotokea kwa kitu chenye wakati wake kikiachwa kipitwe. Ndiyo maana sijaweza kumhesabu miongoni mwa wajinga, ingawa ingekuwa rahisi kwangu.

Kuna habari ya daraja ambayo wafanyakazi wa zamani bado wanaisimulia. Kituo kimoja cha kupimia majani kiliandika asubuhi kwamba mto umebeba daraja lao na lori lipitie njia ya juu. Lori likaenda njia ya chini, likazama matopeni, na majani ya kijiji kizima yakapata moto ndani ya magunia mpaka yakageuka mekundu. Wakulima walikuja kiwandani wakiwa wamefura. Katika mkutano ule Karani Mkuu hakupandisha sauti. Aligeuza kioo cha kompyuta kuelekea kwao, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akawaonyesha mstari wa barua ya kituo kile. Bado ulikuwa mweusi.

"Wazee, mnaona wenyewe," alisema. "Haijafunguliwa. Ningejuaje?"

Lawama zikahamia kwa mtandao. Fundi akaitwa kutoka Bomet, akabadilisha waya uliokuwa mzima, akaenda zake. Mimi nilirudi kwenye kabati langu la faili nikiwa na wasiwasi ambao sikuweza kuutaja, kwa sababu asubuhi ile ya daraja nilimsikia akinung'unika peke yake kuhusu mito na mvua.

Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba nilivyonunua Kericho na kwa jioni nyingi kwenye saiba, duka la intaneti, la Litein. Sijisifu. Ninaeleza tu kwa nini kazi iliyofuata iliniangukia mimi. Kikasha kilijaa. Barua mpya zikaanza kurudishwa zilikotoka, pamoja na za wakubwa, na makao makuu yakaagiza kwamba lazima kisafishwe na kupangwa. Karani Mkuu akanipa neno la siri siku ya mwisho kabisa ya muda aliopewa, kwa kulinong'ona.

"Polepole, Baba Kiprop," alisema. "Usinifungulie nyumba yote."

Njia yangu haikuwa ya ajabu. Nilianza kwa kufuta matangazo yasiyo na mwenyewe: hoteli, semina, viti vya ofisi. Hayo peke yake yalikuwa nusu ya mzigo. Zilizobaki nilizigawa katika folda nne: za kujibiwa leo, za kungoja mtu mwingine, za kuhifadhi, na za watu. Ile ya mwisho niliiweka kwa ajili ya barua zinazomhusu mtu mmoja kwa jina, mgonjwa, aliyefiwa, anayestaafu, kwa sababu niliona hizo ndizo zinazozama haraka zikichanganywa na spea na lori. Kanuni ilikuwa moja tu: barua ikifunguliwa, iondoke kwenye kikasha siku hiyo, iende mahali pake. Nilipofika asubuhi iliyofuata nilikuta folda zangu tupu. Karani Mkuu alikuwa amerudisha kila kitu kikashani, barua moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa nyeusi tena.

Nilidhani ni kosa la mashine. Nikapanga upya. Siku hiyo nilikaa nyuma yake nikifunga faili za zamani kwa kamba, naye alisahau kwamba nipo. Barua iliingia. Aliifungua. Aliisoma yote, midomo ikitembea, kwa makini kuliko nilivyowahi kumwona mtu akisoma barua ya kazi. Akaegemea nyuma, akafikiri. Halafu akabonyeza upande wa kulia wa mausi, akachagua mstari mmoja katika orodha ndogo iliyofunguka, na barua ikageuka nyeusi kama haijawahi kuguswa. Ikaingia nyingine. Akafanya vilevile. Mkono ulikwenda bila kuangalia, kama mkono wa mchumaji.

Nikamwuliza kwa nini. Hakushtuka. Alinijibu kama mwalimu mwenye subira.

"Ukionekana umesoma, umeingia kesi," alisema. "Acha ibaki nyeusi. Ikikaa sana, mara nyingi inajitengeneza yenyewe."

Ndipo nikatafuta jina la hospitali. Zilikuwepo, ya kwanza na ya pili, zote nyeusi, na katika ya pili daktari alikuwa amebadilisha lugha yake ya adabu. Aliandika kwamba kila wiki ndani ya vumbi lile inamwondolea mgonjwa kitu ambacho hakitarudi. Ya kwanza iliingia siku mbili baada ya pikapu kurudi kutoka hospitalini. Mvua ndefu zilikuwa zimeshaisha nilipokuwa nazisoma.

Nilizichapisha, nikaziweka katikati ya meza ile safi. Alizitazama. Sikuona aibu usoni pake, niliona tu mtu aliyesumbuliwa. Alivuta muhuri, akazungusha tarehe hadi ya siku hiyo, akagonga.

"Haya," alisema. "Sasa imefika."

Nikamwambia ilifika kabla ya mvua. Akaelekeza kidole kwenye wino wa zambarau uliokuwa bado unang'aa.

"Muhuri unasema leo."

Nimetafakari sana kwa nini alifanya hivyo kwa mwanamke aliyembeba mikononi mwake. Hakutaka hongo, maana hakuwahi kuomba chochote kwa mtu yeyote. Hakumchukia. Jibu langu, na sina lingine, ni kwamba kumhamisha Mama Moraa kulimaanisha kumwandikia meneja wa uzalishaji kwamba chumba cha kuchekechea kinadhuru watu, na chini ya maneno hayo ingekaa sahihi yake. Kumbeba mtu hakuandikwi popote. Alikuwa mwema mahali pasipo na sahihi.

Mama Moraa alihamishiwa kitaluni wiki ileile. Alimletea Karani Mkuu mkungu wa ndizi kutoka kwao, akashukuru mbele ya ofisi nzima, na yeye akaupokea kwa mikono miwili. Nilisimama pale na kalamu yangu. Jioni nilimfuata mama hadi kwenye njia ya mikalitusi, nikamweleza nilichokiona: kwamba barua zake zilisomwa, kwamba mtu yule alijua. Alinisikiliza akipumzika kila hatua chache.

"Baba Kiprop, wewe unamchukia tu huyo mzee," alisema. "Si ni yeye alinipeleka? Barua ni mob, hata wewe ulisema ni maelfu. Angeona yangu wapi? Hakuona. Mtu akiona hawezi nyamaza."

Nikarudia. Akainua kiganja, si kwa hasira.

"Niachie hiyo," alisema. "Nikianza kufikiria aliona, hata hiyo pumzi imebaki sitaitumia vizuri."

Sikulitaja tena. Kitalu kiko juu ya kilima, na kufikia msimu wa baridi hakuweza kukipanda. Aliacha kazi. Daktari alimwambia kwamba kifua kama kile hakirudi kilivyokuwa, na tangu hapo anaishi na bintiye nyuma ya soko la Roret, karibu na dirisha.

Karani Mkuu alistaafu kwa sherehe. Katika hotuba yake aliusifu mpangilio, akasema ofisi ni kama shamba. Watu walipiga makofi. Aliyechukua nafasi yake ni msichana kutoka Ndanai asiyekuwa na subira, ambaye kwa siku chache alifuta zaidi ya nilivyothubutu kufuta mimi. Nilimwomba asiiguse folda ya watu, na hakuigusa.

Karani Mkuu nilimwona tena mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada. Wazee wa kanisa lao hutembelea wagonjwa, na siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Moraa. Mimi nilikuwa nimeshafika kwa safari zangu mwenyewe, nimeketi kwenye kigoda. Waliingia watatu: pasta, ambaye ni kijana, mama mmoja wa kwaya, na Karani Mkuu, amekonda kidogo, kofia mpya ya sufu kichwani. Mama Moraa alifurahi kweli. Alikuwa ameegemezwa kwa mito, akaelekeza kiti kizuri kiwe cha mzee. Akasema, kwa vipande, kwamba baada ya chai mzee ndiye atakayefunga kwa maombi. Ndivyo ilivyo kwetu. Mgeni haondoki nyumbani kwa mgonjwa bila maombi, na anayefunga huchaguliwa na mwenye nyumba. Heshima hiyo haiombwi wala haikataliwi.

Chai ikamiminwa. Pasta, kwa kutafuta la kusema, alilalamika kwamba kanisa sasa lina barua pepe na simu yake imejaa. Kamati, dayosisi, vijana, hajui ashike ipi. Karani Mkuu akacheka na kuweka kikombe chini.

"Pasta, wewe ni kijana, usiogope kitu kidogo hivyo," alisema. "Mimi nimekaa na kikasha cha kiwanda kizima. Maelfu. Watu walisema kimenishinda. Waulize. Hakuna hata barua moja ilinipita. Nilisoma zote, siku ileile imeingia."

Pasta akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Nilitazama chai yangu. Nilitamani anyamaze, na nilitamani aendelee, vyote kwa pamoja.

"Zote, mzee?" Mama Moraa aliuliza.

"Zote, mama."

Alivuta pumzi, tukangoja imfikie.

"Hata za hospitali?"

Akajibu kabla hajafikiri, kwa sababu utamu wa kusifiwa ulikuwa bado mdomoni.

"Hizo ndizo nilikuwa naanza nazo."

Binti aliyekuwa akimimina chai alisimamisha mkono. Niliona maneno yakimrudia Karani Mkuu mwenyewe, polepole, uso ukifunga. Akasema jambo kuhusu mtandao wa siku zile, halafu jambo kuhusu mvua, halafu akasema tumemaliza chai, tumpumzishe mama. Akasimama na kuvua kofia. Pasta na mama wa kwaya wakainamisha vichwa, wakimngoja aanze.

Mama Moraa hakuinamisha chake. Alikuwa akimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayesoma jina kwenye kibao ambacho amepita mbele yake miaka yote. Kifua chake kilipanda, kikashuka, kikapanda.

"Pasta," alisema. "Funga wewe."

Pasta alifungua macho, akamtazama mzee, akamtazama mama. Halafu akasimama. Karani Mkuu alibaki wima kando ya kiti kizuri, kofia imebanwa kifuani kwa mikono miwili, na sala ya mtu mwingine ikaanza.